Mshale wa Kamera Haukujui, Doto

Kambarage, Shinyanga

Doto mwanangu,

Uko chumba cha pili. Nakusikia unafunga na kufungua begi lile lile, na mimi hapa namwandikia barua mtu ambaye ningemwita tu akaja. Sikuiti. Nikikuita nitaanza kukuuliza kama umeweka chandarua, nawe utanijibu "ndiyo baba" kwa ile sauti yako ya kunivumilia, na mazungumzo yataishia hapo. Habari za chandarua, mafuta ya ngozi, miwani ya akiba na namba za simu za watu wa Geita, mama yako amekwisha kuzisema mpaka na mimi nimezikariri. Mimi nakuandikia habari za kamera.

Cheka tu. Baba mtu mzima, binti yake anaondoka kesho, naye anaandika habari za kamera ya filamu ambayo hapa mjini hata duka la kuinunulia filamu halipo tena. Lakini uliiomba mwenyewe. Mama Neema, mwenye studio huko Geita, anazo kamera za kisasa, na ndizo utakazofanyia kazi ya harusi, kipaimara na picha za pasipoti. Hii yangu ulitaka uwe nayo ya kwako, nami nimekupa. Ukipewa kitu na baba yako una haki ya kujua uzuri wake na ubovu wake, pamoja na ujinga alioufanya huyo baba alipokuwa nacho mkononi.

Nilipoinunua Mwanza kwa mpiga picha aliyekuwa anaacha kazi, wenzangu walinicheka. Walisema hiyo ni kamera ya wanafunzi, watu hujifunzia, wakishaijua kazi wanatafuta ya maana. Kazi nimeijua na sijatafuta nyingine. Wale walionicheka walinunua za maana, zikafa, na wengine leo wanauza vocha.

Uzuri wake wa kwanza ni kwamba haimtegemei mtu. Ndani ina betri ndogo kama kifungo cha shati, na kazi ya betri hiyo ni kuusogeza mshale wa kupimia mwanga, basi. Betri ikifa mshale unalala, lakini wewe unavuta mkono wa kusogezea filamu, unabonyeza, picha inatoka. Nilizunguka nayo kwenye makambi ya wachimbaji ambako hakuna aliyewahi kuona nguzo ya umeme. Vumbi la makarasha, zile mashine za kusagia mawe, liliingia mpaka kwenye meno yangu; kamera niliifuta kwa brashi ya kunyolea ndevu na ikaendelea. Ilianguka kutoka kwenye baiskeli njia ya Tinde ikabonyea pale juu, pale ambapo siku hizi kidole chako kimepazoea. Sponji za mlango wake wa nyuma zinazozuia mwanga zilipooza, nilichukua uzi mweusi wa sufu wa mama yako nikabandika, na hakuna mwanga uliopita. Wenye kamera za bei wakiharibikiwa walisafiri mpaka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa na bisibisi na mate.

Uzuri wa pili, haina akili. Nakwambia kweli, huo nao ni uzuri. Haikuamulii kitu. Kuna kasi, kuna tundu la kupitisha mwanga, kuna pete ya fokasi, na yote matatu yanakungoja wewe. Ukiharibu, umeharibu wewe, na kesho unajua ulipokosea.

Ubovu wake niliujua kwa njia ya koti.

Hujawahi kuliona lile koti, kwa hiyo nikueleze. Kila mpiga picha wa machimboni alikuwa na koti la kuazimisha, na tai, na kola nyeupe isiyo na shati. Kijana anatoka ndani ya duara, yaani lile shimo lenyewe, ananawa uso na shingo mpaka pale nguo itakapofika, anavaa koti juu ya kifua kitupu. Chini amebaki na kaptula yenye tope na magoti yaliyochubuka. Mimi naikata picha kiunoni. Wiki inayofuata picha ikirudi kutoka kusafishwa Mwanza anaituma kwao Kishapu, na mama yake anaitundika ukutani, akisema mwanangu amepata kazi ya ofisini. Niliwahi kwenda Kishapu kwenye msiba, na mama mmoja akaniuliza kwa nini vijana wote wa Geita wana koti lenye kifungo kimoja kilichong'oka. Nikaomba maji ya kunywa.

Sasa, kile kidirisha unachochungulia kwenye kamera hii kinakuonyesha kidogo kuliko kile filamu inachokipata. Wewe unaona kiuno, filamu inaona mpaka kaptula. Kamera za gharama hukuonyesha yote, hii haikuonyeshi. Mwanzoni sikujua, na wateja walinijia juu: "Fundi, umenitoa na kaptula! Nitaituma vipi hii nyumbani?" Nilirudia picha nyingi bure mpaka nilipojifunza kusogea mbele kidogo kuliko jicho linavyotaka. Ukiishika, kumbuka hilo. Pembeni kuna mtu au kitu ambacho wewe hukioni na filamu inakiona.

Tena haikuambii kama imeshika filamu. Namba zake za juu zinahesabu tu hata kama ndani hakuna kinachosogea. Nilipiga harusi nzima huko Kishapu, tangu bibi harusi kutolewa ndani mpaka kulishana keki, nikijisikia fundi kwelikweli, na kile kitufe cha kurudishia filamu hakikuzunguka hata mara moja. Nilikuwa na uso wa kamera mbele yangu siku nzima na sikukitazama. Nilipofungua usiku, filamu ilikuwa imekaa ilivyotoka kwenye kopo lake. Rafiki zangu walinishauri niseme filamu iliungua Mwanza. Nilirudi nikasema ukweli mbele ya wakwe. Walinitukana kwanza, ilikuwa haki yao, kisha wakavaa tena nguo za harusi. Keki ilikuwa imekwisha kuliwa, tukakata mkate. Kwenye albamu yao bibi harusi anacheka kila picha, na siku ya harusi yenyewe aliinamisha kichwa kutwa nzima kama desturi inavyotaka. Nadhani ile ya pili ndiyo harusi yao hasa.

Hayo ni makosa ya kuchekesha. Sasa nije kwenye mshale, ambao haukunichekesha.

Wewe na Kulwa mlikuwa mmeanza kutembea. Nilikuja likizo kutoka makambini, nikatundika kitambaa cheusi cha studio ukutani hapo uani, nikawakalisha kwenye mkeka na magauni aliyoyashona mama yenu. Kulwa kushoto, wewe kulia. Nikachungulia. Mshale ukaniambia mwanga hautoshi, ongeza. Nikaongeza. Mshale huo hautazami mtu mmoja mmoja, unatazama kila kilichomo kwa pamoja na kutoa wastani. Uliona kitambaa cheusi, ukamwona Kulwa ambaye ni mweusi kama mimi, ukaamua kuna giza. Wewe na ngozi yako mlikuwa kasehemu kadogo tu pale pembeni. Hukuhesabiwa.

Picha iliporudi, Kulwa alikuwa amependeza mno, mpaka vishimo vya mashavu vinaonekana. Kulia kwake kulikuwa na kofia, gauni na viatu. Pale pa sura palikuwa peupe tupu.

Baba yako mkubwa Masanja alikuwa amekuja kututembelea. Aliishika ile picha muda mrefu, akanirudishia akisema, "Unaona? Hata picha inamkataa." Sitaki umchukie kwa hilo. Alilelewa na watu waliosema mwenye ualbino hafi, hupotea tu siku moja, na alikuwa amekutazama tangu kuzaliwa akingoja upotee, huku anakupenda. Nilikasirika. Lakini na mimi niliamini kamera imeshindwa kukuona.

Unajua nilichofanya na picha ile? Niliiweka kwenye albamu ya sampuli, ile niliyokuwa nawaonyesha wateja, kwa sababu Kulwa alikuwa ametoka vizuri. Niliiweka kwa ajili ya Kulwa. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili nikaifuta, na sasa naiacha.

Mwenye duara mmoja alikuwa anapekua albamu huku akingoja vijana wake wamalize kuvaa koti kwa zamu. Akafika kwenye ukurasa wenu, akasimama.

"Fundi, huyu wa pembeni ni nani?"

"Mwanangu. Pacha wa huyu mwingine."

"Ni wale?"

Akafunga albamu polepole, akanirudishia, akitabasamu, akasema kwa sauti ya mtu anayekushauri ununue ng'ombe wa maziwa. "Baba Kulwa, huyu si mtoto, huyu ni dili, waganga wanalipa. Una dili ndani ya nyumba unahangaika na makoti?"

Nilimpiga na stendi ya kamera. Nilimpiga begani na nilikusudia kichwani. Watu hunifundisha tangu siku hiyo kwamba ningenyamaza kwa busara, nikaondoka kimya. Nimewasikia, na bado nasema: stendi ilifanya kazi nzuri. Nilitoa taarifa polisi, nikapanda gari la kwanza kurudi Shinyanga, koti likabaki kwenye mabega ya kijana aliyekuwa amelivaa. Sijarudi Geita mpaka leo.

Kisha nikafanya kosa ambalo kila mtu alilisifia. Nilikuficha. Nilizungushia uzio uani, nikaweka mapazia mazito, nikakataa usiende hata dukani. Ulipofika umri nikakupeleka kwenye shule ya bweni yenye ukuta mrefu. Walikulea vizuri, siwasemi vibaya, na miaka ile ukuta ulihitajika. Ninachojilaumu ni kwamba hata ulipokuwa umeshika mkono wangu niliendelea kuwa ukuta. Likizo zako zote umezila ndani ya chumba hicho ulichomo sasa. Na mimi, mtu wa picha, sikukupiga picha hata moja. Studio yangu ilijaa sura za watu wa Kambarage nzima, watoto wa jirani, wanakwaya, mpaka mbwa wa fundi viatu, na ya kwako haikuwepo. Wateja waliponiuliza "Doto yuko wapi?" nilisema hapendi kamera.

Wewe ndiye uliyemaliza huo upuuzi. Ulikuja likizo, ukapekua sanduku la negativu bila kuniomba, nikakukuta umesimama dirishani, pazia umelivuta mpaka mwisho, ukanda umeushika juu karibu na jicho.

"Baba," ukasema, "huku nipo."

Nikakwambia haiwezekani, ile picha iliharibika.

"Picha ndiyo iliharibika. Huku nipo. Tena huku mimi ndiye mweusi, Kulwa ndiye mzungu. Njoo uone."

Nikaja nikaona. Filamu ilikuwa imekunywa mwanga mwingi kupita kiasi na imeustahimili. Hilo ni jambo zuri la filamu ambalo nilikuwa nalisema kwa wateja kila siku na sikuwahi kulifikiria kwa ajili yako: ukiizidishia mwanga inavumilia, inahifadhi. Mashine ya kusafishia picha kule Mwanza ndiyo iliyotoa wastani wake kama mshale ulivyotoa wa kwake, ikakufuta mara ya pili. Na mimi, nilikuwa na negativu ndani ya sanduku chini ya kitanda changu miaka yote hiyo, sikuwahi kuiinua dirishani. Ukaweka ukanda juu ya kioo cheupe cha simu ya mama yako, ukaupiga kwa simu nyingine, ukageuza rangi. Sura ikatokea. Ulikuwa umenuna. Umenikodolea macho mimi mpiga picha, mdomo umeukunja, mtoto mwenye hasira zake na mkeka unaomchoma.

Nililia nikasema ni dawa za kusafishia filamu. Hakukuwa na dawa yoyote iliyofunguliwa siku hiyo.

Tangu hapo tukafanya kazi. Kwa macho yako, kamera hii ni mbaya, lazima niseme. Kidirisha chake kina giza, na hakina lile gurudumu dogo la kurekebisha kwa mtu mwenye macho dhaifu. Macho yako hayatulii mahali pamoja, na fokasi ya mkono inataka jicho linalotulia. Ndiyo sababu nilichukua tupa nikachonga mikwaruzo kwenye pete ya lenzi, uweze kuhisi kwa kidole: hapa mtu aliyekaa karibu, hapa mtu wa ng'ambo ya meza, hapa watu wa ng'ambo ya barabara. Wenzangu walisema nimeharibu lenzi. Wewe unaweka fokasi kabla hujainua kamera usoni, na mimi bado nachungulia. Kamera za Mama Neema zitakuonyesha picha kwenye kioo kikubwa na zitatafuta fokasi zenyewe. Zitumie bila aibu. Usije ukawa mtu wa kusifu kitu cha zamani kwa sababu ni cha zamani; ikikushinda, iweke kabatini, mimi sitakuja kukagua.

Ila kuhusu mwanga fanya tulivyofanya. Usiuulize mshale habari za chumba kizima. Msogelee mtu, usome mwanga shavuni kwake, weka namba zako, kisha rudi nyuma upige, hata mshale ukiruka na kulalamika namna gani. Siku ulipompanga Kulwa karibu na dirisha na wewe ukakaa kivulini, ukaniambia "sasa bonyeza, usiguse kitu kingine," nyote wawili mlitoka. Picha hiyo Kulwa ameitundika dukani kwake Tinde, juu ya vitenge, na wateja wakiuliza yule ni nani anasema huyo ndiye aliyeipanga. Kamera za kisasa nazo zina mshale wao, umefichwa tu. Nazo hazikujui. Ziambie.

Sasa habari ya Jumapili.

Baba yako mkubwa alifika mchana kutoka Kishapu, viatu vina vumbi, akatusalimia "mwadila" na kukaa kabla hatujamkaribisha. Tukajua amekuja na maneno. Alipokwisha kunywa maji akanigeukia.

"Kuna Mwanza, kuna Dodoma, kuna Dar es Salaam," alisema. "Nchi yote hii pana. Wewe unampeleka Geita, kwenye machimbo. Umerogwa?"

Wewe ukamwambia, "Shikamoo baba mkubwa. Hanipeleki. Naenda."

"Marahaba, mwanangu. Mimi naongea na baba yako."

Akaongea nami kweli. Alisema yule mtu niliyempiga na stendi huenda bado yupo na ana wajukuu. Alisema mimi nilikimbia mwenyewe, kwa nini nimpeleke mtoto mahali nilipopakimbia. Mama yako alisema Mama Neema ni mtu wa kanisani kwake, tunamfahamu, utakaa nyumbani kwake pamoja na binti zake na kazini mtakwenda pamoja. Masanja akasema sawa, akiwa lazima aende, basi aende bila kuonekana. Mtoto wake ana gari. Litakuja alfajiri kabla majirani hawajaamka, utajifunika ushungi, utalala kiti cha nyuma mpaka Geita, na hapa Kambarage tutasema umerudi shule.

Mimi nikasema sawa.

Ulichukua kamera mezani, ukagusa pete kwa kidole, ukampiga picha baba yako mkubwa. Kamera hii ina kelele, kioo chake kikiinuka kinapiga kofi, na sebule nzima ilishtuka. Akauliza, "Unafanya nini?" Ukasema, "Namaliza filamu, baba mkubwa." Kisha ukaenda jikoni.

Leo mchana umeisafisha filamu hiyo, umeianika stoo kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Jioni nilikwenda kuchukua jembe nikaiona. Masanja yuko katikati, mkono hewani, kidole kimenyooka. Pembeni kabisa, mahali ambapo kidirisha hakikuonyesha na najua hukupaona, kuna mtu amekaa kwenye kigoda. Kichwa amekiinamisha, mikono ameibana katikati ya magoti. Ilinichukua muda kujitambua. Nilidhani ni mgeni fulani aliyekuja kuomba kitu.

Doto, mimi naogopa. Sitajifanya. Nimeogopa tangu siku ya lile neno, na nitaogopa kesho na mwezi ujao, na simu yako ikichelewa nitakuwa mtu wa kuchosha sana. Watu wale hawajaisha wote. Lakini nilipokuwa nimesimama stoo na jembe mkononi niliona kwamba kila nilichofanya kwa hofu kilikuwa kinawasaidia wao. Wao walitaka usiwepo. Mimi nilikuweka mahali ambapo hakuna aliyekuona, nikaita kukulinda, na mtaa mzima ukazoea kwamba Doto hayupo. Mtu ambaye mtaa haumjui, nani atauliza akikosekana? Na kesho nilikuwa tayari kukutoa nyumbani kwako gizani, umelala kiti cha nyuma, kama kitu nilichokiiba.

Basi sikiliza nilichokifanya, ili usije ukaamka alfajiri bure.

Nimempigia mtoto wa baba yako mkubwa nikamwambia asilete gari. Nimekwenda stendi ya mabasi jioni hii hii, nimekukatia tiketi ya basi la saa nne asubuhi, kiti cha dirishani, na jina lako nimeliandikisha kamili. Nikiwa njiani kurudi nilipita kwa fundi viatu, kwa mama wa vitumbua, kwa mzee wa msikiti wa kona, kwa wale vijana wa bodaboda, nikawaambia mmoja mmoja: binti yangu Doto anahamia Geita kufanya kazi ya upigaji picha, kesho asubuhi tunamsindikiza. Mama wa vitumbua akasema, "Kumbe yupo?" Nikamwambia yupo, na kesho utamsalimia. Amesema hatakuuzia, atakupa.

Tutakwenda kwa miguu, barabara ya lami, mimi na mama yako na Kulwa anayekuja na gari la kwanza kutoka Tinde. Kofia vaa, na mikono mirefu, kwa sababu ya jua. Ushungi uache nyumbani. Kamera ining'inize shingoni, usiiweke ndani ya begi.

Mwisho nikampigia Masanja mwenyewe, maana sikutaka ayasikie kwa wengine. Nilimwambia yote, kuanzia gari mpaka saa. Akasema, kwa upole, kama tulipokuwa watoto tunachunga, "Baba Kulwa, mchana kweupe? Watu watamwona."

Nikamwambia, "Ndiyo. Wamwone."

Baba yako